Masikio ya Meja

Iko siku moja ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na naomba mama watoto asifungue daftari hili. Ni siku niliposimama kwa lango la Mzee Kirwa, huko Chepsaita, mdomoni nimebeba neno zito kuliko gunia la mahindi.

Mwanangu, shule niliiachia darasa la saba, kwa hivyo nikikosea kuandika unisamehe. Nilikuwa kijana, nimetoka upande wa Bungoma, nikaajiriwa kwa boma la Mzee Kirwa la kunenepesha ndume. Ndume arobaini! Kazi ilikuwa kulisha nyasi za nepia na molasi, kupeleka maji, na kila Jumatatu kuwaogesha na dawa ya kupe. Nilikuwa na mbio, wacha tu. Chai ya saa nne ilinikuta nimemaliza wote, migongo inang'aa.

Mzee alinionya. "Barasa, unaogesha ng'ombe ama unaosha lori? Anza na sikio. Kupe anayeleta ugonjwa wa ndigana hana haja na mgongo."

"Sawa, Mzee," nasema. Akigeuka, narudi kwa migongo. Kwa haki niseme pampu ya dawa ilikuwa inavuja. Lakini si pampu iliyonizuia kushika sikio. Ilikuwa uvivu, na tena niliogopa pembe za Meja, ndume mwekundu ambaye Mzee alimpenda kuliko wote.

Basi akaja daktari wa mifugo, msichana mwembamba mwenye pikipiki, sanduku la barafu limefungwa nyuma. Ugonjwa wa midomo na miguu ulikuwa umeonekana ng'ambo ya mto. Akachanja ndume ishirini, Meja akiwemo, chanjo ikaisha, akaahidi kurudi wiki ijayo amalizie wengine. Siku nne baadaye Meja akakataa chakula. Masikio yamelala, anahema, machozi yanamtoka.

"Ni ile sindano!" Mzee akasema.

Usimwite mjinga. Ng'ombe mzima anadungwa, siku nne anaanguka, wewe ungesema nini? Majirani nao wakaapa hakuna ng'ombe wao atachanjwa.

Daktari akarudi, akakuta lango limefungwa kwa mnyororo na watu wamejaa.

"Mzee, nifungulie nimpime tu."

"Umpime ama ummalize?" Watu wakacheka.

"Chanjo haikai nje ya barafu, Mzee. Na ugonjwa uko hapo tu ng'ambo."

"Basi rudi nayo mjini."

Akaanza kugeuza pikipiki. Mwanangu, nilisikia damu ikinipiga hadi kwa meno! Nilijua ni wiki ngapi sikio la Meja halijaguswa. Daktari akienda, Meja anakufa, na ndume ishirini wanabaki bila kinga, na boma za majirani pia, kwa sababu ya siri ya mtu mmoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha maradhi ya ng'ombe asiye wangu.

"Mzee, fungua!" nikapiga kelele. "Si sindano. Ni mimi. Masikio ya Meja sijawahi kuyaogesha hata siku moja."

Mzee alinitazama mpaka nikatamani anichape. Halafu mnyororo ukalia.

Daktari akakunja sikio la Meja. Lo! Kupe wamebanana humo kama punje za wimbi kwa kibuyu. Chini ya sikio, tezi imevimba kama yai. "Ni ndigana," akasema, "lakini hatujachelewa." Akamdunga dawa yake hapo hapo. Halafu, na hili naliandika ili haki itendeke, akasema hata yeye alikosea. Hakutueleza kwamba ng'ombe anaweza kupata joto kidogo baada ya chanjo.

Oh, saa moja iliyofuata! Mzee akavua koti, mimi nikashika pembe zile zile nilizoogopa, ndume ishirini wakapita mmoja mmoja. Majirani mbio nyumbani kufunga ng'ombe wao, wanapiga kelele, "Daktari, kwangu usinisahau!"

Jioni Mzee akaniita. "Ungenyamaza, ningemtukana mtoto wa watu bure, na bado Meja angekufa. Njia ya mwongo ni fupi, Barasa. Kuanzia kesho unaanza na sikio, kwa vidole vyako, na sitakuambia tena."

Siku ya tatu Meja akatia mdomo kwa molasi. Nilipiga nduru nikizunguka boma lote, Mzee akatoka chooni ameshika mshipi. "Nani amekufa?"

"Hakuna, Mzee! Meja anakula!"

Sijui kama mimi ndiye wa kukushauri. Hadi leo sina hakika ningesema kama ile pikipiki haingegeuka. Lakini sasa una ndume wako hapo nje ya Eldoret, kwa hivyo sikia. Chanjo isikose siku yake, wala barafu yake. Ng'ombe mgeni akae peke yake kwanza, apewe dawa ya minyoo kulingana na uzito wake, si kwa kukisia. Kupe mtafute pale usipopenda kutia mkono. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba lawama yako. Kosa likitajwa mapema lina dawa.

Mungu akupe mikono isiyochagua kazi na mdomo usioogopa kweli. Kila asubuhi ukifungua lango, ng'ombe wako wote wawe wamesimama, wanakudai chakula.