Mwezi Haukai Stoo

Natengeneza tovuti. Naifanyia kazi hiyo Usagara, katika chumba kimoja na mwenzangu niliyesoma naye, na naijua vizuri, wala sioni haya kusema hivyo. Kazi yenyewe ni mpangilio. Kipande unachokitumia mara kwa mara, kama sanduku la matangazo au jedwali la nyakati za swala, unakiandika mara moja, unakiweka kwenye folda ya pamoja, na kila tovuti inakichukua humo. Folda yetu tunaiita stoo. Ukirekebisha kitu stoo, kimetengemaa kila mahali. Ukikiharibu pia, kimeharibika kila mahali.

Ndiyo maana sitaki mchezo na stoo. Humo hukaa yale tu ambayo watu wote wanakubaliana. Wanapotofautiana, naacha nafasi tupu, kila tovuti ichomeke programu-jalizi yake, kipande cha kuongezea kinachofanya kazi hapo tu. Mwenzangu huniita mkaidi kwa hilo, na mie namwachia aite.

Mwaka huo tulikuwa na tovuti za misikiti miwili. Ule wa Usagara hufuata mwezi ukionekana popote duniani. Wa Pongwe husubiri uandame hapa nchini. Kwetu hilo si ugomvi. Mume wangu husali Usagara, baba yangu ni katibu wa Pongwe, nami nala Idd mara mbili. Baba ndiye aliyewashawishi wazee wenzake wa Pongwe waache ubao wa chaki wa mlangoni, wasome matangazo kwenye simu. "Binti yangu hatatangaza neno msilolisema nyie," aliwaahidi, na wakamwamini yeye, si mimi.

Jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani nilitoka ofisini mapema kwenda kupika futari. Huku nyuma mwenzangu alikuwa amepata programu-jalizi ya kalenda ya Kiislamu, inayopiga hesabu ya mwezi yenyewe. Akaipenda. Badala ya kuichomeka Usagara peke yake, akaitia stoo.

Tumekwisha kusali Magharibi, tumerudi kwenye sinia la futari, simu ikalia. Baba.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Maisha yangu yote sijawahi kumwamkia baba yangu asiitikie.

"Mwezi umeuona wapi weye?" aliuliza.

Nilifungua tovuti ya Pongwe. Juu kabisa, kwa maandishi ya kijani, imeandikwa Idd Mubarak. Baba akasema watoto wako njiani wanashangilia, wanawake wamekwisha kubandika vyungu, na wazee wanamwuliza ahadi yake iko wapi. Mwezi haujaonekana. Sasa itambidi asimame mbele ya waumini kabla ya Isha, awaambie kesho ni funga na tangazo la binti yake ni la uongo. Akakata simu. Nililia, halafu nikapandwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonifaa.

Nikampigia mwenzangu. "Dada, hesabu ile haikosei," alisema.

"Nani kakwambia Pongwe wanangoja hesabu?"

Nilimwambia asiguse kitu, nikafungua kompyuta pale pale pembeni ya sinia la futari. Nikautoa mwezi stoo. Kalenda nikaiacha na nafasi tupu, na isipochomekwa kitu haisemi lolote juu ya Idd. Usagara, ambao habari ya mwezi kuonekana nje ilikwisha kuwafikia, nikawachomekea chao. Pongwe nikawatengenezea kitufe kimoja cha kutangaza Idd, kinachofunguka kwa simu ya baba tu. Isha ilipoadhiniwa, yale maandishi ya kijani yalikuwa yametoka Pongwe na yamebaki Usagara, kama inavyotakiwa.

Asubuhi mume wangu alivaa kanzu mpya, tukala Idd ya kwanza. Pilau sikuisikia ladha. Baada ya adhuhuri nikaenda Pongwe, nikamkuta baba amefunga, kakaa kibarazani na tasbihi. Nikamwamkia, akanionyesha mkeka tu nikae. Nikamwekea kitufe kwenye simu, nikamwonyesha kinavyobonyezwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu: asipokibonyeza, itakuwaje? Nikamwambia haitakuwa chochote, tovuti itamngoja yeye. Akatikisa kichwa kuonyesha kaelewa, akaendelea na tasbihi yake, nami nikarudi nyumbani.

Magharibi nilikaa na tovuti ya Pongwe mbele yangu, sithubutu hata kunywa chai. Ilikaa kimya muda mrefu. Kisha maandishi ya kijani yakatokea, na simu ikalia.

"Marahaba, mwanangu," alisema baba, kabla sijamwamkia.