Kipande cha Mukuba Chenye Jina Langu

Harufu ya ndimu iliyokatwa hunirudisha kwanza kwa bibi yangu, si shuleni. Bibi alikuwa akijipaka ndimu mikononi baada ya kupasua samaki, halafu ananishika mashavu, nami naingia kanisani nikinuka vyote viwili. Mkono wake wa kushoto ulimuuma wakati wa mvua. Baba, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, ile sisi Lubumbashi tunayoiita mukuba, alimtengenezea bangili ya kutuliza maumivu. Mukuba ulitoka wapi? Kila nyumba ya kambi ya wafanyakazi ilikuwa na kipande chini ya kitanda, na kila nyumba iliapa haina. Walinzi waliwapapasa wanaume getini mpaka ndani ya viatu. Aliyekamatwa alipoteza kazi, na nyumba ilikwenda na kazi, maana ilikuwa ya kampuni. Nazunguka, najua, lakini bila bangili hamtaelewa.

Shule pia ilikuwa ya kampuni. Nikiwa darasa la sita alikuja mwalimu wa sayansi kutoka Haiti, Musyu Anselme. Mweusi kama sisi, na Kiswahili hajui, jambo ambalo bibi alilihesabu kuwa maringo. Kabati la sayansi lilikuwa na kufuli kubwa, na ndani yake mizani iliyovunjika na kiota cha panya. Basi akatuagiza kila mmoja alete ndimu, musumari na kipande cha mukuba. Kwa kuwa ni mgeni, aliona kwamba katika mji huu ameomba kitu chepesi kabisa.

Wenzangu walileta nyaya za redio zilizokufa. Mimi niliingia chini ya kitanda, nikachukua kipande kilichobaki baba alipotengeneza bangili. Kilikuwa na muhuri wa kampuni. Sikumwuliza mtu.

Tulichomeka misumari na mukuba kwenye ndimu, tukaziunganisha sita kwa mstari. Chombo cha kupima umeme hatukuwa nacho, tukapima kwa ulimi. Rafiki yangu alisema ni kama kulamba siafu. Musyu alicheka mpaka akafuta macho. Na kwa kutuheshimu, akapanga vipande vyetu dirishani, kila kimoja na karatasi yenye jina la aliyekileta.

Shefu, mkuu wa kambi, alipokuja kukagua shule, alisoma jina langu, akageuza kipande, akauona muhuri. Akauliza kwa upole ni cha nani. Nikanyoosha mkono kwa fahari. Akakitia mfukoni.

Baba akaitwa afike ofisini Jumatatu, aeleze.

Jumapili jioni Musyu alikuja kwetu, kofia mkononi, akakataa kiti. Baba hakumlaumu. Alisema, nami nikayageuza maneno yake kwa Kifaransa, neno kwa neno:

"Musyu, minaomba useme ile mukuba iko yako, weye njo uliileta. Weye, batakurudisha tu kwenu. Siye, kwetu njo hapa."

Musyu aliniangalia mimi, si baba. Kisha akajibu polepole, "Kesho asubuhi. Nitapita ofisini." Mama akamfungia mikate ya mihogo kwenye gazeti.

Sasa mimi ni mzee, nakaa Naviundu, na shule yangu iliishia mwaka ule, mwandiko wangu unawaonyesha. Nilikuwa nimeshazaa watoto watatu nilipokutana na mama mmoja wa Haiti sokoni, akaniambia waliorudishwa kwao nyakati zile walipokelewa uwanja wa ndege na askari wa siri wa rais wao, na kwamba wengi wao hawakuonekana tena. Nikaweka kikapu chini. Baba alidhani kila mtu ana kwao pa kurudi. Mimi nilidhani hivyohivyo, ndiyo maana nilitafsiri vizuri sana.

Asubuhi ile sikujua kitu. Tulisimama mbele ya ofisi, mimi na baba aliyevaa shati lake la harusi. Musyu akatokea barabarani na begi. Baba akanibana bega, akasema, "Njo yeye, anakuja." Musyu alifika getini, akasimama, akashika kofia kana kwamba anataka kuivua. Mlinzi akamfungulia. Akatuangalia. Halafu akaishusha kofia usoni, akalipita geti bila kuingia, akafuata barabara ya gare, kituo cha treni, hakukimbia, hakugeuka, na mlinzi akabaki ameshika geti wazi.