Bei ya Kusubiri Feri

Mada yangu ya kwanza ya uzamivu ilihusu bei ya fedha za kigeni na mauzo ya chai ng'ambo. Msimamizi wangu alisoma kichwa tu, akasema ina wenyewe, tena wengi. Ya pili ilihusu uchumi wa Pwani nzima. Hiyo aliisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nina mpango wa kuishi miaka mia mbili. Idara nayo ikanijulisha kwamba pendekezo lisipopita katika kikao kijacho, usajili wangu utafutwa.

Sikulia, mimi si mtu wa kulia ofisini. Nilishuka hadi kwenye feri, nikasimama na umati wa jioni tukingoja kuvuka kurudi Likoni, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikaanza kuwatazama wenzangu kwa jicho la kiuchumi. Anayevuka kwa miguu halipi chochote. Lakini anasubiri, na kusubiri ni gharama hata kama hakuna anayeidai. Kabla hatujaruhusiwa kupanda nilikuwa na mada: thamani ya muda unaowapotea watu wa Likoni wakisubiri feri. Msimamizi aliipenda papo hapo, jambo lililonitia wasiwasi.

Njia ya kupima kitu kama hicho inajulikana. Unamuuliza mtu: kungekuwa na feri isiyo na foleni, ungekubali kulipa kiasi gani? Anachokitaja ndicho thamani ya muda wake. Nilitaka kulijaribu swali kabla ya kuandika pendekezo, nikaanza na watu ambao hawangeninyima jibu, yaani jumuiya yetu ya Mtongwe, huko huko Likoni, tunaokutana kusali kila Jumamosi nyumba hadi nyumba. Walijaza hojaji wote, mama yangu akiwa wa kwanza. Wote waliandika sifuri.

Kwetu mtu hakemewi ana kwa ana, anaombewa. Jumamosi iliyofuata, wakati wa maombi ulipofika, mama mwenyekiti alifumba macho akasema kwa upole mwingi, "Tumwombee binti yetu msomi, asije akatumiwa na wale wanaotaka kututoza nauli ya feri." Nyumba nzima ikaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nami niliitikia kwa mazoea, na nilikuwa nimeshafika katikati nilipoelewa ninaombewa nini. Nilikasirika. Mama yangu alikuwa ameketi kando yangu, na sauti yake ndiyo iliyokuwa juu.

Nilipompelekea msimamizi majibu yale, hakushtuka.

"Hao huwa tunawaondoa," alisema. "Hawakujibu swali, wamegoma. Tafuta wengine."

Hapo hasira yangu ikahama. Kuwasema watu wa jumuiya ni kazi yangu, nimeizoea, lakini kuwafuta ni jambo jingine. Waliulizwa wangelipa ngapi, wakasema hawalipi. Sijui jibu gani lingekuwa wazi zaidi. Niliandika pendekezo upya, mada ikiwa ile sifuri yenyewe: kwa nini watu hukataa kukitia bei kitu walichozoea kuwa cha wote. Msimamizi alinionya kwamba ninauchezea usajili wangu. Nikamjibu, "Najua, Profesa," na kweli nilikuwa naogopa.

Siku ya kikao nilijitetea vizuri. Nililieleza jopo kwamba ile sifuri si ujinga wala mgomo, ni msimamo: mtu wa Likoni anaona kuvuka ni haki yake, na haki haipangiwi bei. Niliona vichwa vikikubali. Kisha mama mmoja wa jopo akavua miwani.

"Nawe ni mzaliwa wa huko?"

"Ndiyo. Na bado naishi huko."

"Basi wewe ungelipa kiasi gani?"

"Shilingi hamsini," nikasema.

Jibu lilitoka kabla sijalitafuta. Nimechelewa kazini mara nyingi mno kwa sababu ya feri ile. Jopo likacheka, hata msimamizi wangu.

"Basi tumempata mmoja," yule mama akasema, akaandika.

Pendekezo likapita kwa sharti moja, niongeze sura kuhusu wanaokubali kulipa. Niliwashukuru wote, nikatoka. Mama yangu alikuwa wa kwanza kupiga simu. Alifurahi sana, akataka kujua wameniuliza nini. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu tu.