Fundi Anayezungumza na Kompyuta za Watu

Saa tatu asubuhi, na Fundi Kimya yuko kwenye mashine ya nne. Anachomoa maikrofoni mbovu, ndogo kuliko punje ya mchele, anapachika mpya. Anakaza skrubu, anaiinamia mashine na kuanza kuongea.

Kompyuta hizi mpakato hazina hata miezi mitatu sokoni. Kiwanda kimeziita zote zirudi, maana maikrofoni zake hukata sauti, mtu akasikika kama ana kwikwi. Karakana hii imepokea 640. Mafundi ni wanne, na likizo zote zimefutwa.

Likizo ya Kimya ilikuwa ya kwenda kumwona mkewe, muuguzi anayefanya kazi nchi ya mbali. Mwaka na miezi minne hawajaonana.

Kila mashine ikishatengenezwa lazima irekodi sauti ya fundi dakika nzima, isikilizwe, ifutwe. Wenzake huhesabu moja mpaka sitini. Yeye, ambaye hata chai huiomba kwa ishara, huzungumza na mkewe kana kwamba yumo ndani ya mashine. Bomba la jikoni limeacha kuvuja. Binti yetu kang'oka jino. "Usisaini tena mkataba, mama watoto. Rudi nyumbani, nimechoka kukungoja."

Kwenye simu hakuthubutu. "Akiniuliza, nilikuwa namjibu aamue mwenyewe," anasema. "Niliogopa ataona namzibia riziki."

Wiki mbili zilizopita alisahau kufuta rekodi moja. Mwenye mashine, mwalimu mstaafu, akairudisha kesho yake. Mafundi wakadhani imeharibika tena.

"Haina neno, inasikika vizuri mno," mama huyo alimwambia pembeni. "Ila maneno haya si yangu, mwanangu. Mwenyewe kayasikia?"

Kimya anasimulia huku akijipangusa uso kwa mkono wa koti. "Aibu niliyoona siku ile, we acha tu." Habari ilipowafikia wenzake, walicheka mpaka chai ikawapalia, kumbe bubu wao ana maneno kushinda kinyozi.

Jioni ileile alimpigia mkewe simu, akasema yote.

"Mbona hukuniambia?" mkewe akauliza. "Nimesaini juzi. Nilidhani unataka nibaki."

Miaka miwili mingine. Kimya anaitaja akiwa ameshika bisibisi bila kuitumia. "Maji yakimwagika hayazoleki," anasema. "Lakini inauma. Tulikuwa bado tunaongea, na tayari nimeshamkumbuka."

Zimebaki mashine 118. Zikiisha, atapata likizo yake, na fomu za pasipoti ameshazijaza, yake na ya binti. Msimamizi ameahidi hataifuta mara ya pili.

Siku hizi humpigia mkewe kila jioni, hata kama hana habari mpya.

"Namwambia nimemkumbuka, basi," anasema. "Mara ya kwanza alilia. Jana akasema, 'Hebu sema tena.'"