Sahani ya Jirani Mrusi

Jana nilikuwa kwenye treni ya metro natoka kwenye usaili wa kazi, nikijiuliza kama nilicheka kupita kiasi, simu ikaniletea habari kwamba yule mwimbaji mkubwa wa kike wa Urusi ameaga jukwaa. Sikwenda chumbani kwangu mtaa wa Al Qusais. Nilishuka Muraqqabat, kwa bibi, nyumba iliyonilea.

Kuta za huko ni nyembamba, jiko moja linasikia la pili. Nilipokuwa mtoto, ng'ambo ya ukuta wetu aliishi mama wa Kirusi aliyeuza makoti ya manyoya, na joto lote hili. Kila Ijumaa asubuhi alifungulia nyimbo za huyo mwimbaji, sauti nzito yenye mikwaruzo, na bibi akakaanga vitumbua kwa mapigo yake. Kwa Kiarabu cha dukani na Kiswahili alichookota kwetu, jirani alitusimulia: mwimbaji huyo alianzia kwenye kumbi za wafanyakazi, akaja kujaza viwanja, wanawake wakakata nywele kama yeye. Alipoachwa na mume aliliimba hilo mbele ya nchi nzima.

"Akiachwa yeye, sote tumeachwa," alisema jirani.

"Basi taarabu hiyo, shoga," bibi akamjibu, "ila ya baridi."

Mimi ndiye niliyebeba sahani kati ya milango miwili. Yetu ilikwenda na vitumbua, ikarudi na chapati nyembamba za jamu, maana sahani ya mtu hairudi tupu. Kisha duka likafungwa, viza ikaisha, khalas, akaondoka sahani yake ya maua ya buluu ikiwa kwetu. Bibi hakuruhusu itumiwe. "Ya watu hiyo."

Siku hizi bibi anasahau. Wiki iliyopita aliniuliza mimi mtoto wa nani. Njia nzima niliwaza nimpigie wimbo gani wa zile Ijumaa: mwimbaji ana nyimbo za maisha mazima, je, nikikosea wimbo, akanitazama tena kama mgeni?

Nikafungulia simu mbele yake. Wimbo wa kwanza hakuutambua. Wa pili, mkono wake ukaanza kukoroga hewani.

"Shoga yupo leo," akasema. "Mpelekee sahani yake. Si wewe hupeleka siku zote?"

Nikaijaza maandazi ya mama, anayekaa na bibi, nikatoka. Mlango wa jirani sasa wanapanga vijana, kila mmoja na kitanda chake cha kukodi, na ukutani kinasikika kiyoyozi tu. Nilisimama pale koridoni, sahani mkononi, nisijue nigonge au nirudi.

Bibi akaniita kutoka ndani, kwa jina langu. "Umemkuta?"

"Nimemkuta, bibi."