Siku Niliyomkimbia Baba Mkwe Nikamwacha Mtoto Garini

Mkitaka kucheka chekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile, peke yangu jikoni, najifunika uso kwa kanga, wajukuu wakiniuliza bibi una nini nawaambia ni moshi.

Tulikuwa tunakaa Chimala, miaka ile ya hamsini kabla ya Uhuru, mume wangu anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na mimi ndiyo kwanza nina mtoto mmoja, Ipyana, hata miaka miwili hajafika. Akashikwa na homa. Jamani, mtoto mgonjwa mnamjua, lakini yule alikuwa na hasira za mzee aliyenyimwa pombe: ukimpa uji anaumwaga, ukimbeba mgongoni anataka kushuka, ukimshusha anataka mgongoni, ukimwimbia anakupiga kofi la mdomo (na mimi nilikuwa naimba vizuri, kwaya nzima ya kanisani ilikuwa inanitegemea). Asubuhi moja macho yakaanza kumlegea, mume wangu akasema, "Mama Ipyana, mpeleke Mbeya hospitali, leo leo."

Basi likaja kutoka Iringa limejaa, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikabanana na magunia ya mchele na mama mmoja Mwislamu wa Iringa, muuza vitambaa. Gari likaondoka. Nainua macho, naona kule mbele kofia, shingo na mabega ninayoyajua kwa nyuma tu. Moyo ukanipasuka pa! Baba mkwe!

Sasa, kwetu Wanyakyusa wakati ule mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Humtazami, huongei naye, jina lake hulitaji, ukimsikia njiani unaingia porini mpaka apite. Mjukuu anakwenda kwa babu yake bila shida, anampenda sana, lakini anapelekwa na bibi. Wewe unabaki jikoni.

Mwanamke mwenye akili angeshuka. Lakini basi lingine lingekuja lini, na mtoto anachemka mgongoni? Basi mimi na akili zangu nikaamua nijikunje nyuma ya magunia, nitupie blanketi juu yetu wote wawili, twende hivyo hivyo mpaka Mbeya.

Ipyana na blanketi! Alipiga kelele, akanivuta nywele, akaning'ata, na mimi kwa woga nikamziba mdomo.

"We bibi, utamuua huyo mtoto!" yule mama akasema.

Nikamnong'oneza, "Nakuomba mama, wale wa mbele wasinione."

"Wasikuone kwani umefanya nini?" (Sauti yake mpaka dereva alisikia.)

Hapo sasa nikasikia sauti ninayoijua, maana nyumbani nilikuwa naisikiliza nyuma ya ukuta. "Dereva, simamisha! Huko nyuma kuna mwanamke kaiba mtoto! Mtu na mtoto wake hajifichi!"

Mwe! Yule niliyekuwa namkimbia ndiye ananijia! Gari limesimama, yule mama keshamnyakua Ipyana, viatu vya mzee navisikia vinakuja, basi nikajitupia kanga kichwani, nikaruka nje, nikakimbilia kwenye mahindi. Utingo na wanaume nyuma yangu: "Mwizi wa mtoto! Mkamateni!" Sioni mbele, nikatumbukia kwenye mfereji, matope mpaka puani, nikasema leo napigwa, na mwanangu nani atamfikisha hospitali? Nikalia kwa sauti, sikuona haya.

Ndipo nikamsikia Ipyana kule garini: "Babu!"

Halafu mzee akanguruma, "Rudini nyie! Huyo si mwizi, ni mkwe wangu! Atakayemgusa atanitambua!"

Aliyekuja kunitoa mferejini ni yule mama. "Toka mwanangu. Mzee kageukia Mbeya, kasema hageuki tena." Akanipangusa matope kwa kitambaa chake kipya huku anacheka. "Sisi baba mkwe tunamwandalia chai. Nyie mna mambo!"

Tukaenda hivyo, mzee mbele na mjukuu wake, mimi nyuma ndani ya blanketi. Mzee anasema, "Muulizeni mama yake, mtoto kala?" Basi zima: "Mama Ipyana, mtoto kala?" Najibu kaumwaga uji, basi zima: "Kaumwaga!" Yule mtoto aliyenitesa kutwa kucha akalala kifuani kwa babu yake fofofo.

Hospitali mzee alishuka kwanza. Akatandika koti lake barazani penye jua, akamlaza, akakohoa ili nijue, akaondoka na shati tu kwenye ile baridi ya Mbeya. Nilitaka kumwambia ndaga, asante. Niliisema moyoni. Mtoto alichomwa sindano, akapona.

Tangu siku hiyo sipandi gari kabla sijachungulia nani kakaa mbele. Siku hizi wakwe wanakula meza moja na wanataniana, vizuri tu, siwakatazi. Mimi yule mzee alikufa sijawahi kumwona uso. Ila Ipyana sasa ana mvi, na ndugu wa mume wangu wote wanasema kafanana na babu yake, hawajapishana hata kidogo. Basi akija kunitembelea namkalisha karibu na dirisha namtazama, namtazama, mpaka ananiuliza, "Mama, kwani nina nini usoni?"