Nilikuwa natoa kutu kwenye pikapu ya marehemu baba, nikamkuta "mwizi" wa nyumbani kwetu

Wakuu, heshima kwenu.

Haya siyatii chumvi. Zimepita wiki mbili na bado yananirudia kila nikishika grenda. Naandika kutoka Lubumbashi, Makomeno, kwa hiyo Kiswahili chetu mtakivumilia.

Baba alituachia pikapu kuukuu, imenizidi umri. Mwezi ujao tunamaliza matanga yake, na mama anataka kwenda kanisani akiwa amekaa kwenye kiti chake kilekile cha mbele. Mafundi wa bodi wana njoo kesho nyingi, nikaamua kuitengeneza mwenyewe hapa uani.

Milango haikunisumbua sana. Nilikata palipooza, nikachomelea bati jipya, nikapiga puti, nikajiona fundi kweli. (Wenye kazi yenu msicheke. Mlango wa kushoto hadi leo unafungwa kwa goti.)

Kazi ikawa sakafu, upande wa abiria.

Nikatoa kiti na kapeti. Chini yake lami, chini ya lami puti, nene kama tonge la bukari, ugali wetu. Nikapitisha grenda hadi kwenye chuma, cheche zinaruka vizuri tu.

Ghafla cheche zikakatika.

Grenda inakula, lakini cheche hakuna. Nikazima, nikapangusa kwa kitambaa. Pekundu.

Shaba! Sisi tunaiita mukuba, na mji huu umekula mkate wake miaka yote. Baba alipenda kusema mukuba haishike kutu. Na kweli, shaba ilikuwa nzima. Ila chuma kilichoizunguka kilikuwa kimelika hadi kidole kinapita. Vikigusana hivyo viwili na maji yakaingia, kinacholiwa ni chuma. Mama wa watu alikuwa amekalia hewa.

Nikang'oa riveti nane kwa patasi. Kipande kikadondoka chini ya gari, nikaingia uvunguni kukifuata.

Wakuu, sikutoka huko haraka.

Upande wa pili wa kile kipande kulikuwa na mwanamke anatwanga, amechorwa kwa nyundo. Picha hizi za shaba zinatundikwa kwenye sebule nyingi hapa kwetu. Hii ilikuwa ya sebule yetu, zawadi ya harusi ya wazazi wangu. Miguu ya yule mwanamke ilikuwa imekatwa ili kipande kienee kwenye tundu.

Picha hiyo ilipotea nikiwa darasa la nne. Hapa mjini shaba ikipotea, kila mtu anajua imekwenda kuuzwa. Na aliyekuwa anaishi kwetu bila kazi ni mjomba Bonaventure, mdogo wake mama. Mama alimwita mwizi mbele ya majirani, akamfukuza. Hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo. Hata kwenye kilio cha baba hakuja.

Na siku ile baba alikuwepo. Namkumbuka mezani, anakula, kimya. Nilimkasirikia marehemu, sitawaficha.

Nikafikiria kuificha picha. Nusu saa nzima niliwaza hivyo. Halafu nikaipeleka jikoni.

Mama aliigeuza, akapitisha kidole kwenye matundu ya riveti.

"Ni mi njo nilimufukuzaka," akasema. "Na kinywa yangu."

Akavua kitenge cha kupikia. "Rudisha kiti mu motokari. Twende kwake."

"Mama, chini iko wazi."

"Tia hata mbao."

Tukaenda hadi Kasapa anakoishi mjomba, gari halina rangi, miguu ya mama juu ya ubao. Mjomba akafungua mlango, kichwa chote mvi. Mama akapiga magoti, yeye dada mkubwa, akamnyooshea ile picha.

Mjomba hakushangaa.

Akaniangalia mimi. "Mi njo nilikamataka hii tôle, hii bati, na mikono, baba yako anagonga riveti. Akaniambia, usiseme kitu, nitamuambia dada yako mi mwenyewe. Njo nikangoja aseme."

Mama akamuuliza kwa nini siku ile hakujitetea.

"Ungeamini mi, ao bwana yako?"

Tulipoaga tukamwomba aje siku ya kumaliza matanga. Alisema ataona.

Nilichojifunza kwa upande wa ufundi: usizibe chuma kwa shaba, hata kama unaipata bure. Kwa upande mwingine, kitu kikipotea nyumbani, muulizeni kwanza yule ambaye hamuwezi kumshuku.

Sakafu nimeshachomelea bati. Picha iko mezani, mama hataki itundikwe mpaka mdogo wake aingie mlangoni mwenyewe, na siku zinakwisha.

Nyie mliokwisha kuona mengi, nisaidieni hapa chini: msamaha kwa niaba ya mtu aliyekufa, anayebaki anauombaje?